Tom Mboya: Akili Iliyolelewa na Mitaa ya Eastlands

Katika madarasa yetu ya historia, jina la Thomas Joseph Mboya hutajwa pamoja na sifa moja ambayo imekuwa kama lakabu yake, nayo ni akili. Wanafunzi huambiwa kwamba alikuwa mwepesi wa kufahamu, hodari wa kusema, na mpangaji wa mambo aliyewatangulia wenzake kwa hatua nyingi. Sifa hizo si za uongo. Hata hivyo, namna tunavyozieleza huacha dhana potovu kwamba akili ni mali ya mtu binafsi, iliyofungiwa ndani ya fuvu lake kama fedha kasikini, na kwamba aliyepewa amepewa na aliyenyimwa amenyimwa. Maisha ya Mboya, yakisomwa kwa makini, yanaipinga dhana hiyo. Utafiti wa miongo ya karibuni kuhusu ubongo wa binadamu nao unaipinga. Kwa hiyo yafaa walimu na wanafunzi wayapitie maisha hayo upya wakiwa na swali moja mbele yao: ni nani waliomwezesha mtu huyu kufikiri kama alivyofikiri?

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa nyapara katika shamba hilo. Yeye na mkewe Marcella walitoka kisiwani Rusinga, katika Ziwa Viktoria. Wazazi hao hawakuwa wamesoma. Lakini shamba la mkonge lilikuwa kijiji cha makabila mengi, na mtoto huyo alikua akicheza na watoto wa vibarua wa Kikamba na wa Kikuyu. Kabla hajawa mtu mzima alikuwa akizungumza Kijaluo cha nyumbani, Kikamba, Kikuyu na Kiswahili, na baadaye Kiingereza cha shule za Wamisionari.

Sisi tunaoshughulika na isimu hatuwezi kulipita jambo hilo bila kusimama. Mtoto hajifunzi lugha kwa kusikia sauti tu. Mwaka wa 2003 mtaalamu Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wachanga wa miezi tisa. Baadhi ya watoto hao walicheza na mtu aliyesema nao kwa Kichina. Wengine walimwona au kumsikia mtu huyo huyo kwa njia ya kanda. Waliocheza na mtu hai walijifunza kuzitofautisha sauti za Kichina, ilhali waliowekewa kanda hawakujifunza kitu. Sauti zilikuwa zile zile. Kilichokosekana ni mwenzi. Ubongo wa mtoto, kumbe, huufungua mlango wa lugha pale anapobisha mtu. Lugha za Mboya zilibishwa na watoto wa vibarua, na ndizo zilizokuja kumpa kura katika mitaa ya Nairobi miaka mingi baadaye.

Alisoma katika shule za misheni, kwanza Ukambani, kisha St Mary's Yala, na hatimaye Mang'u, ambako masomo yalikatika kwa sababu ya ukosefu wa karo. Mwaka wa 1948 aliingia katika chuo cha Jeanes, Kabete, kusomea kazi ya mkaguzi wa afya, na huko wanafunzi wenzake walimchagua kuwa kiongozi wao. Mwaka wa 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Nairobi aliyoingia kijana huyo ilikuwa imegawanywa kwa rangi ya ngozi. Waafrika walikuwa na upande wao, mashariki mwa reli na mto: Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, Starehe, Ziwani, Kaloleni, Bahati, Muthurwa na Makongeni ya wafanyakazi wa reli. Serikali ya kikoloni ilimchukulia Mwafrika wa mjini kuwa mgeni wa muda, aliyekuja kuuza nguvu za mikono yake na kurudi kwao. Kwa hiyo vyumba vingi vilijengwa kwa kipimo cha mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, hata kama mke na watoto alikuwa nao kijijini. Ni Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, uliopangwa kwa ajili ya familia, nyumba zikiuzunguka ukumbi wa jamii. Kwa jumla, msomaji, mji uliwataka wafanyakazi bila kuwataka watu.

Katika kazi yake ya ukaguzi Mboya alipatwa na kisa ambacho alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1963. Alikuwa ofisini akipima maziwa, mwanamke wa Kizungu akaingia, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote humo ndani. Mboya alikuwa mbele ya macho yake. Kisa hicho wengi hukisimulia kama mzaha. Lakini mwaka huo huo wa 2003, Naomi Eisenberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha California walionyesha kwamba mtu anapotengwa na wenzake, hata katika mchezo mdogo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, huamka katika ubongo wake sehemu ambazo pia hushughulika na maumivu ya mwili. Kutoonekana kuwa mtu ni jeraha, na ubongo hulipokea kama jeraha. Hebu tufikirie basi mji mzima uliopangwa ili kuwajeruhi watu namna hiyo kila asubuhi, kazini, barabarani na katika foleni ya pasi.

Yalikuwapo, katika mji huo huo, maelezo ya kitaalamu ya kuhalalisha mpango huo. Hospitali ya Mathari, isiyo mbali na mitaa hiyo, iliongozwa tangu mwaka wa 1938 hadi 1950 na daktari J. C. Carothers. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo mno sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo kwa upasuaji. Kwa maoni yake, Mwafrika hakuwa na nafsi iliyojikamilisha. Alitegemea watu na desturi zilizomzunguka ili zimfikirie. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maelezo yake kuhusu vita vya Mau Mau, yaliyovitazama kama ugonjwa wa nafsi zilizong'olewa katika jamii zao kuliko kama madai ya ardhi na haki. Hivyo, kule kutegemeana kwa watu, ambako babu zetu walikuona kuwa ndio utu wenyewe, kuliandikwa katika vitabu vya tiba kuwa ni upungufu wa ubongo.

Mboya hakumjibu Carothers kwa kitabu cha tiba. Alimjibu kwa matendo. Mwaka wa 1952 alichaguliwa kukiongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza la Jiji, akakigeuza kuwa chama kamili cha kutetea haki zao. Mwaka wa 1953 aliiacha kazi ya ukaguzi, na kabla ya mwaka huo kwisha akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Alikuwa na umri wa miaka 23. Tukumbuke wakati wenyewe. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi, yakaingia nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Eastlands, na kuwachukua maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru hadi vizuizini. Vitanda vilibaki vitupu, watoto wakabaki na majirani, na viongozi wengi wa wafanyakazi wakatoweka kwa usiku mmoja. Wala mauaji ya wakati huo hayakuwa ya upande mmoja. Majina ya mitaa ya Mbotela na Ofafa yanawakumbusha wakazi viongozi wawili Waafrika waliouawa mjini humo.

Katika hali hiyo vyama vya wafanyakazi vilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mwafrika angeweza kukutana na mwenzake kihalali, akasema neno lake na likasikika. Shirikisho la Mboya lilipinga hadharani kufukuzwa kwa watu kwa makundi. Mwezi Machi 1955 alikwenda Mombasa kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari, na hatimaye mishahara yao ikaongezwa. Kila mara alisimama mbele ya waajiri akiwa peke yake kwa mwili tu. Nyuma yake walikuwapo wachukuzi, wafagiaji, makarani na madereva waliolipa ada kwa senti zao.

Je, kuwa na watu nyuma yako kunabadilisha nini ndani ya kichwa? Mwaka wa 2006 James Coan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha jaribio walilowafanyia wanawake 16 walioolewa. Kila mmoja alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kuonywa kwamba huenda akaguswa kwa umeme. Alipokuwa peke yake, sehemu za ubongo zinazoitika hatari ziliwaka sana. Aliposhikwa mkono na mtu asiyemjua, zilipoa kidogo. Aliposhikwa mkono na mumewe, zilipoa zaidi, hasa kwa wale waliokuwa na ndoa njema. Hatari haikupungua, bali ubongo ulipima kwamba mzigo una wabebaji wawili. Hofu inapokuwa ya kudumu, mwili humwaga homoni ya kotisoli kwa wingi, na wingi huo ukiendelea huzidhuru sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu na kupanga mambo. Mtu aliyeungwa mkono hubakiwa na nguvu za ubongo ambazo mwenziwe mpweke huzitumia katika kujilinda.

Sidai kwamba kuna aliyeupima ubongo wa Mboya. Ninachosema ni kwamba ile sehemu ya mbele ya ubongo ambayo Carothers aliiona imelala kwa Waafrika ndiyo sehemu inayodhoofishwa na hofu na kutengwa kwa binadamu yeyote, awe wa Ziwani au wa London, na ndiyo inayostawi mtu anapokuwa na watu wa kumtegemeza. Daktari huyo aliiona dawa akaiita ugonjwa.

Mnamo 1955 Mboya alikwenda kusoma kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, kisha akaizuru Marekani. Huko alipata marafiki katika vyama vya wafanyakazi, na fedha zao zikasaidia kujenga makao ya shirikisho mjini Nairobi. Aliporudi aliishi Ziwani, katika nyumba ya baraza la jiji, miongoni mwa wapiga kura wake. Mwezi Machi 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, alikitwaa kiti cha Nairobi akimshinda wakili maarufu C. M. G. Argwings-Kodhek. Mikutano katika kumbi za mitaa hiyo, kama ule wa Kaloleni, ilikuwa shule ya siasa: watu waliuliza, walizoma, walisahihisha, na msemaji alirudi nyumbani akiwa amenolewa. Mwezi Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliuongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra.

Safari za ndege za wanafunzi kwenda Marekani zinaeleza jambo hili vizuri kuliko yote. Mwezi Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja. Mboya, pamoja na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, walikuwa wametafuta nafasi vyuoni na fedha za nauli. Huko Marekani walisaidiwa na watu kama mchezaji Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte, na mwaka wa 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Lakini kabla ya dola hizo kulikuwa na shilingi za jamaa na majirani, zilizochangwa katika karamu za chai ili mtoto wa fulani apate viatu, koti na fedha za mfukoni. Hadi mwaka wa 1963 wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri kwa mpango huo. Mmoja wa waliosafiri mwaka wa 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004. Tukihesabu akili zilizoijenga nchi hii, tuhesabu pia vikombe vile vya chai.

Uchaguzi wa mwaka wa 1961 ulionyesha kilele cha uhusiano huo. Katika jimbo la Nairobi Mashariki, ambalo wapiga kura wake wengi walikuwa Wakikuyu, Mboya Mjaluo alimshinda Dkt. Munyua Waiyaki kwa kura nyingi mno. Wafanyakazi wa Eastlands walimwona kuwa mwenzao kabla ya kumwona kuwa wa kabila fulani.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Ubongo unaotulizwa na kuwapo kwa wetu ndio huo huo unaoshtushwa na kuwapo kwa wasio wetu. Kuungana mkono kunaweza kuwa daraja, na kunaweza kuwa ua wa miiba. Katika Serikali ya Kenya huru Mboya alikuwa waziri, na mwaka wa 1965 alikuwa mtetezi mkuu wa waraka nambari 10 wa Ujamaa wa Kiafrika, uliotaja wajibu wa watu kwa wenzao kuwa nguzo ya taifa. Lakini siasa za chama zilikuwa zimeanza kuipasua mitaa. Mwaka wa 1966, katika mkutano wa KANU wa Limuru, alishiriki kumwondoa Jaramogi Oginga Odinga katika uongozi wa chama, na watu wengi wa kwao hawakumsamehe. Kwa upande mwingine, wakubwa waliomzunguka Rais Kenyatta walimhofu kuwa mrithi. Mtu aliyekuwa na watu kila upande akajikuta amesimama katikati ya pande mbili.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38, mbunge wa Kamukunji, mume wa Pamela na baba wa watoto wadogo. Alizikwa Rusinga. Mtu mmoja, Nahashon Njenga, alihukumiwa na kunyongwa. Katika mitaa ya Eastlands majirani waliokuwa wamekopeshana chumvi kwa miaka mingi walianza kutazamana kwa jicho la pembeni. Huo, kwa maoni yangu, ulikuwa msiba wa pili, nao haukupata kaburi.

Sayansi imeendelea kukusanya ushahidi wake tangu hapo, na sehemu yake imetoka nyumbani kwetu. Mwaka wa 2003 watafiti wa nyani wa Amboseli walionyesha kwamba nyani majike wenye uhusiano wa karibu na wenzao hufanikiwa zaidi kukuza watoto wao. Mwaka wa 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake waliunganisha tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi ule wa wapweke kwa asilimia 50. Na lile Shirika la Afya Duniani, lililokichapisha kitabu cha Carothers mwaka wa 1953, liliunda mwaka wa 2023 tume ya kuhimiza mahusiano ya watu, kwa kuwa upweke umetambuliwa kuwa hatari kwa afya ya dunia nzima. Imechukua miaka 70 kufika hapo.

Lugha yetu ilikuwa imefika mapema. Kiswahili kina kiambishi kidogo cha -ana, ambacho mwalimu hukifundisha kwa dakika chache na kuendelea: saidiana, tegemeana, fahamiana, jengana. Kitenzi chenye kiambishi hicho hakiwezi kutendwa na mtu mmoja. Sarufi yenyewe humdai mwenzi. Na mtu aliyepungukiwa na wenzake tunamwita mkiwa, neno ambalo halipimi fedha wala elimu yake, bali nafasi iliyo wazi kando yake.

Kwa walimu wa Eastlands jambo hili si la makumbusho. Mitaa mikongwe inabomolewa na maghorofa yanainuliwa mahali pake. Kuna watoto wanaoishi orofa ya tano wasiojua jina la mtoto wa orofa ya nne. Sehemu ya mbele ya ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Darasa linalowapanga wanafunzi kwa nambari tu, wa kwanza hadi wa mwisho, humfundisha kila mmoja kwamba jirani yake ni mpinzani. Kikundi cha kusoma pamoja, mwalimu anayejua ni nani hakuja leo na kwa nini, mwanafunzi wa darasa la juu anayemshika mkono wa darasa la chini: hayo hayahitaji bajeti ya wizara, nayo yanaugusa ubongo kama kitabu kinavyougusa.

Basi mwalimu anapofika kwa Tom Mboya katika somo la historia, asiishie kwenye hotuba zake na kifo chake. Awaulize wanafunzi wawataje watoto wa vibarua wa Kilima Mbogo, wafagiaji wa jiji waliolipa ada, wakazi wa Kaloleni waliomzoma na kumpigia makofi, na kina mama waliouza chai ili ndege ijae. Wakishawahesabu, na waitazame meza ya jirani yao.